Siku Moja Maishani Mwangu: Kujenga Shamba la Sola Juu ya Dampo

Saa moja asubuhi nimekwisha kufika kazini, katika mji mdogo wa kusini mwa Uingereza ambako ushirika wa wakazi unajenga shamba la umeme wa jua juu ya dampo lililofungwa zamani. Kwa macho ni kilima cha majani tu, lakini taka zilizo chini yake zimefunikwa kwa plastiki nene na udongo wa mfinyanzi, na sharti linaloongoza kazi yetu yote ni kwamba kifuniko hicho kisitobolewe.

Kabla ya mashine yoyote kuwashwa, nazunguka na kipima gesi kwenye mabomba yaliyosimikwa kutolea hewa. Taka zinazooza hutoa methani, nayo ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka kwa cheche ndogo. Leo vipimo viko salama.

Kuanzia saa mbili hadi saa sita tunapanga vitalu vya zege. Katika mashamba mengine nguzo za chuma hushindiliwa ardhini. Hapa fremu za paneli hushikiliwa na uzito wa zege peke yake. Ugumu uko hapo: zege likiwa jepesi, upepo utainua paneli, likizidi uzito, litadidimiza kifuniko, na taka zenyewe bado zinaendelea kushuka, tena si kwa usawa. Ndiyo maana viungo vya fremu vinaweza kurekebishwa baadaye, na nyaya hazifukiwi, bali hupitishwa juu ya ardhi zikiwa zimeachiwa ulegevu.

Saa sita ni chakula, na mvua kama kawaida.

Saa nane wanafika wanachama kukagua mali yao. Mama mmoja mstaafu ananiuliza kwa nini upande wa kaskazini umeachwa wazi. Namweleza kwamba huku jua hupita kusini, na mteremko ule ungezalisha umeme kidogo mno. Haridhiki, na atalipeleka mkutanoni. Ana haki hiyo, kwa kuwa katika vyama vya aina hii kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa chache au nyingi. Utaratibu huo huchelewesha maamuzi, lakini naupendelea.

Saa kumi napima kimo cha ardhi kwenye alama tulizoweka, kuona kama imeshuka. Safu ya tatu imeshuka kidogo upande mmoja, kwa hiyo msimamizi anaagiza isifungwe paneli hadi ipimwe tena wiki ijayo.