Belo Lililofunguliwa Njiani Kwenda Mtae

Mombo jua lilikuwa linachoma. Kondakta alidai nauli ya begi langu kana kwamba ni abiria mwenye tiketi, na kwa kuwa nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana, nikalipa. Kuanzia hapo gari linapanda, kona juu ya kona hadi Soni, na vioo vinafungwa kimoja kimoja bila mtu kuambiwa. Mombo ipo kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, Lushoto 1,400. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 au zaidi kidogo. Sisi wa Tanga mjini tunaishi wilaya chache tu kutoka kwenye baridi hii, na bado wengi wetu tunaijua kwa kuhadithiwa.

Lushoto nililala nyumba ya wageni yenye blanketi moja jembamba. Ndoo ya maji ya moto ilikuwa 2,000 juu ya bei ya chumba, chai tupu asubuhi nayo pembeni. Mwenye nyumba anajua mgeni wa pwani hawezi kukataa maji ya moto mwezi wa Mei.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mtae, kijiji cha juu milimani, mdogo wangu wa kike alikopangiwa kufundisha. Mama alinipa mzigo wake: nazi, dagaa, kanga mbili. Kosta ilipita Magamba vizuri, ikapita Lukozi, halafu kwenye udongo mwekundu mbele ya hapo magurudumu ya nyuma yakazama. Masika yalikuwa yanaaga kwa rasharasha isiyokatika. Wanaume tukashuka kusukuma. Tulisukuma hadi giza likaingia, gari likabaki palepale, na dereva akatwambia lori la kutuvuta litakuja "sasa hivi". Nguo zote mwilini zilikuwa zimelowa, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa za gari hazikufika hata kwenye kona.

Hapo ndipo nilipojua baridi ni kitu gani. Babu mmoja aliyekuwa anarudi kwake Sunga alianza kutetemeka, meno yanagongana, kisha akawa hajibu vizuri akisemeshwa. Mama mwenye mtoto mchanga alikuwa amejifunga kanga tatu, zote mbichi.

Kwenye viti vya nyuma alikaa mama mmoja wa Korogwe, mfanyabiashara wa mitumba, na belo lake la majaketi alilokuwa analipeleka kwenye gulio. Utingo akamwendea.

"Mama, shikamoo. Hali ya yule mzee umeiona?"

"Marahaba. Nimeiona." Alinyamaza kidogo. "Lete kisu. Lakini kila mtu nitamwandika jina. Atakayelichana jaketi, amelinunua."

Nilidhani atagawa tu, la juu kwanza. Hakufanya hivyo. Alikata mikanda, akawasha tochi ya simu, akaanza kuchambua. Kila jaketi alilibana kwa viganja viwili, akaliachia, akalitazama linavyojaa tena. Yaliyojaa upesi akayaweka kulia. Yaliyobaki yamelala akayasukuma chini ya kiti: "Haya yameshafuliwa vibaya, hayana kitu tena." Kwenye mengine alipapasa kitambaa mpaka ncha ya unyoya ikatokeza kwenye mshono. "Hili la bata. Mzee huyu avuliwe shati kwanza, afutwe, ndiyo avae. Ukimvika juu ya maji umelipoteza jaketi, na mzee pia."

Kijana mmoja aliyekuwa amelowa chapachapa akalinyakua la bata lingine kwa kuwa lilikuwa nene kuliko yote. Mama akampokonya. "Wewe unatoka nje kusukuma, mwanangu. Hili likinyeshewa linanywea kama kuku wa mvua. Chukua hili." Akampa la manyoya mafupi ya plastiki, jepesi, lenye rangi iliyopauka. Kijana alilivaa kwa kununa. Baada ya saa moja alirudi ndani, akalivua, akalikung'uta, maji yakaruka, akalivaa tena, na hakutetemeka.

Nimeyafuatilia haya tangu niliporudi, na kila alichofanya yule mama kina sababu. Kinachotupa joto ndani ya nguo ni hewa iliyozuiwa isitembee. Kitambaa kazi yake ni kuishika. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo ikishabadilisha hewa kwa maji, inakunyonya badala ya kukulinda. Pamba hunywa maji, na ndiyo maana zile kanga tatu hazikumsaidia mama wa mtoto. Manyoya laini ya bata hushika hewa nyingi kwa uzito mdogo sana, lakini yakilowa hushikamana na hewa yote hutoka. Jeshi la Marekani lilisumbuliwa na jambo hilohilo, na katika miaka ya 1980 kampuni ya Albany International ikalitengenezea nyuzinyuzi nyembamba za poliesta zinazobaki zimejaa hata zikiwa na unyevu. Ndiyo PrimaLoft, jina ambalo yule mama alilijua kwa lebo na kuliweka fungu lake peke yake, bei yake juu.

Lile la manyoya mafupi nalo lina ukoo. Kitambaa cha aina hiyo kilitoka kwanza kiwanda cha Malden Mills, mji wa Lawrence, Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Ni poliesta, jamii ya plastiki ya chupa za maji, na tangu 1993 yapo yanayotengenezwa kwa chupa zilizotumika. Wenye kiwanda hawakukiwekea hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasikiige, kwa hiyo dunia nzima ikakitengeneza, kikawa rahisi, kikavaliwa hadi kikachokwa, kikafungwa kwenye mabelo. Uamuzi uliofanywa Lawrence ulimfunika yule kijana gizani njia ya Sunga. Mimi nauona kuwa uamuzi mwema kuliko mwingi unaosifiwa.

Mtoto hakupata jaketi, yote yalikuwa makubwa. Kijana anayetembeza watalii alitoa mfukoni blanketi la dharura, karatasi inayong'aa kama fedha, iliyokunjwa ikawa ndogo kuliko leso. Tekinolojia hiyo ni ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mwaka 1964: plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, yenye uwezo wa kurudisha hadi asilimia 97 ya joto linalotoka mwilini kwa mnururisho, yaani linalosafiri kama mwanga bila kugusa kitu. Mama wa mitumba alitaka mtoto avishwe kwanza sweta kavu la mtu mzima, lizungushwe mara mbili, ndipo karatasi ije juu. Yuko sahihi. Ikigusa ngozi moja kwa moja, joto hupita kwa kugusana na ung'avu wake haufai kitu.

Lori lilikuja usiku sana. Dereva wake alidai malipo kabla hajafunga mnyororo, na tukachangishwa abiria wote, sisi tuliokwisha kulipa nauli. Nilinung'unika na bado nanung'unika. Babu wa Sunga aliteremka kwa miguu yake akiwa na jaketi la bata. Mama alimwachia kwa bei ya mkopo, akaandika kwenye daftari.

Za Mtae sina mengi ya kusema. Mdogo wangu mzima, maharage ni mazuri, na kukiwa hakuna ukungu unaona nchi tambarare ya Mkomazi chini kabisa. Jioni nyingi niliwaza Tanga.

Niliwaza jinsi akili nyingi inavyotumika kwa ajili ya watu wa baridi. Desemba 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walieleza katika jarida la Science uzi walioubuni kwa kuiga unywele wa dubu wa ncha ya kaskazini: katikati una vitundu vilivyojaa hewa, na sweta lake lina unene wa sehemu moja ya tano ya jaketi la manyoya ya bata lenye joto sawa. Kwa sisi wa joto nimeona kazi ya kundi la mtafiti Yi Cui wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2016: kitambaa cha plastiki ya polithini chenye matundu madogo mno. Matundu hayo hutawanya mwanga, mtu haonekani uchi, lakini joto la mwili linapita kwenda nje. Ngozi iliyofunikwa nacho hubaki baridi kwa nyuzi 2 hivi kuliko ikifunikwa na pamba. Nakingoja kwetu Tanga, mtaa wa Ngamiani, kwa hamu, mwezi wa Februari hasa.

Kisha nikakumbuka mto wa bibi. Sufi! Uzi wa msufi ni mrija wenye hewa ndani, takriban asilimia 80 ya ujazo wake, na una nta inayokataa maji. Makoti ya kuokolea mabaharia katika vita kuu mbili yalijazwa sufi. Walichokihangaikia Zhejiang maabara, msufi unakiangusha chini bure, na sisi tumehamia kwenye godoro la sponji. Una kasoro zake: nyuzi ni fupi na zinateleza, hazisokoteki kirahisi, na moto huzishika haraka. Lakini kujazia inawezekana.

Nimempelekea fundi wa Barabara ya 10 mchoro wa kizibao cha mdogo wangu: mishono ya vyumba vidogo vidogo, kama nilivyoiona kwenye tochi ya yule mama, ili sufi isiteremke yote tumboni. Fundi anataka 25,000 za kushona, sufi nilete mwenyewe, na ameniandikia kwa kalamu nyekundu kwamba mvaaji asisogelee jiko la mkaa. Bei naiona kubwa. Nimemlipa nusu.