Nilivyofunga umwagiliaji wa matone bila kumwachisha kazi mtu hata mmoja

Kila aliyenishauri kuhusu umwagiliaji wa matone alimalizia kwa maneno yale yale: ukishafunga mipira yenye matundu ya kudondoshea mimea maji, punguza vibarua. Sikupunguza, na nyanya zangu zimevuka misimu ya joto kali zikiwa na afya. Naandika kwa hasira kidogo, kwa sababu ushauri ule bado unatolewa na unawanyima watu riziki bure.

Kuunganisha tangi, kichujio na mipira sisimulii, hiyo ni kazi ya mikono tu. Taabu ilianzia kwenye saa ya kujiendesha. Fundi aliitega ifungue maji kila alfajiri kwa muda ule ule, akasema isiguswe. Mvua ikanyesha usiku, asubuhi maji yakafunguka vile vile. Joto likapanda, kiasi hakikubadilika, wakati hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7, na mvuke huo unatoka kwenye majani na udongo wako. Nyanya zikaanza kuoza kitako. Muuza pembejeo akaniuzia kalsiamu ya kupulizia. Nikapuliza, doa jeusi likaendelea. Akaniuzia nyingine, ya bei zaidi. Doa likaendelea! Nilipopimisha udongo, kalsiamu ilikuwamo ya kutosha. Kinachoifikisha kwenye mmea ni maji, na majani ndiyo yanayovuta zaidi. Maji yakiyumba, tunda ndilo linalokosa. Fedha ya zile chupa ingenunua tensiometa, kipimo cha ukavu wa udongo, na chenji ikabaki.

Tensiometa ni bomba lenye kikombe cha kauri chenye vinyweleo chini na mshale juu. Udongo ukikauka huvuta maji kupitia kikombe, mshale unapanda. Sifuri ni chepechepe. Kwenye tifutifu yangu tunafungua maji mshale ukikaribia kilopaskali 30 (kizio cha nguvu ya mvuto huo). Kichanga kinataka mapema zaidi. Ukipita 80 hivi, hewa huingia na usiuamini tena. Loweka kikombe usiku kucha, kisha jaza maji yaliyochemshwa yakapoa, maana viputo vya hewa huharibu kipimo. Nimeweka viwili, kimoja kwenye kina cha sentimita 20 na kingine 45. Cha chini kikiganda karibu na sifuri siku zote, unamwagilia kupita mizizi.

Anayesoma mishale ni vibarua, na hapo ndipo walionishauri walipokosea kabisa. Mama mmoja kati yao aliona mimea ya mwisho wa mistari imepauka, ingawa mshale ulikuwa sawa. Hakubishana na mtu. Alichukua vikombe vinavyolingana, akavipanga chini ya matundu ya mwanzo na ya mwisho wa kila mstari, akafungua maji, akayafunga yote kwa wakati mmoja, kisha akaniita nione. Vya mwisho havikufika hata nusu! Tensiometa zilikuwa karibu na tangi, kwa hiyo zisingejua kamwe. Tulipofungua ncha za mipira likatoka tope la kijani lenye chembe za chokaa. Sasa ncha zote zinafunguliwa mara kwa mara mpaka maji yatoke meupe, kichujio kinasafishwa kabla hakijajaa, na yeye ndiye msimamizi wa maji. Majirani wanaofunga mipira humwita awapimie, nao humlipa.

Lipo pia suala la jua. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa ifikapo 2030 joto litapoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi duniani, na asilimia 60 ya hasara hiyo itakuwa katika kilimo. Zamani watu wangu walibeba ndoo jua likiwa utosini. Mipira imeondoa ndoo, basi muda ule nimewarudishia: wanaanza kabla jua halijachoma, wanapumzika kivulini adhuhuri wakiwa na maji ya kunywa karibu, jioni wanamalizia kufunga mimea kwenye nguzo, kupunguza machipukizi na kutandaza nyasi kavu zinazozuia unyevu usipotee. Ujira wa siku ni ule ule, kwa sababu kazi haikupungua. Fundi yule alipopita kuuza saa mpya, nilimpeleka moja kwa moja kwa msimamizi wa maji, akajibiwa maswali yake yote huko.