USB na betri kwenye kipimo cha mkononi

Dayodi mbili za Schottky (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) huunganisha USB na betri kwenye mzigo, yaani saketi ya kipimo, ila kila moja hula takriban volti 0.3. Betri ya lithiamu ikishuka hadi volti 3.6, regyuleta (kidhibiti volti) ya volti 3.3 inaishiwa volti za kufanyia kazi na vipimo vinaanza kuyumba.

Dayodi ibaki upande wa USB tu. Upande wa betri weka mosfeti ya chaneli P, swichi ya umeme yenye miguu mitatu (geti ndiyo huiwasha na kuizima): dreni kwenye betri, sosi kwenye mzigo, geti kwenye volti 5 za USB, na rezista ya kiloomu 100 kutoka geti hadi graundi. Bila rezista hiyo, USB ikichomolewa geti hubaki na chaji na mosfeti huchelewa kupitisha umeme.

Tafadhali kagua dreni na sosi mara mbili kabla ya kulehemu. Zikigeuzwa, dayodi iliyo ndani ya mosfeti hupitisha umeme wa USB kwenye betri bila kidhibiti, na betri ya lithiamu huweza kuwaka moto.