Nilivyomfikisha askari mwenzangu kliniki

Nilipostaafu jeshi niliendelea kulala mgongo ukutani, macho mlangoni. Daktari wa kwanza kuniona alinisomea maswali ya fomu bila kuinua uso. Sikurudi. Aliyenirudisha kwenye matibabu ni askari mstaafu wa kikosi kingine, aliyeniambia tu, "Mimi huamka saa tisa usiku. Wewe je?" Nililia kama mtoto.

Baadaye nikapata mafunzo ya kusaidia wenzangu: kusikiliza, kutojifanya tabibu, na kutotunza siri pale uhai unapokuwa hatarini. Hilo la mwisho namwambia mtu siku ya kwanza kabisa.

Mmoja alinitesa moyo. Aliishi peke yake na simu hapokei. Nikawa nakwenda kukaa kibarazani kwake. "Afande, nipo nje. Sina swali." Mara ya nne akafungua. Nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu huogopa swali hilo wakidhani litampandikizia mtu wazo, halipandikizi. Akashusha pumzi, akasema wazo humjia, ila hajapanga lolote. Nikamwomba tumwone daktari wiki hiyohiyo.

"Kliniki ile ni ya wendawazimu," akasema.

Nikamsimulia wanajeshi wa Marekani waliotoka Vietnam. Mwaka 1970, jijini New York, walianza kukutana wenyewe kwa wenyewe kuzungumza yaliyokuwa yakiwasumbua, na madaktari wachache wa akili wakaketi nao. Miaka 10 ikapita kabla kiwewe chao hakijaingizwa, kwa jina lake la sasa, katika mwongozo wa madaktari wa akili wa nchi hiyo. Maradhi yalikuwepo, jina ndilo lililochelewa. Akanyamaza, kisha akauliza, "Walikuwa wanaongea nini?"

"Usingizi. Hasira. Wenzao waliobaki kule."

Siku ya miadi viti vya ukutani vilikuwa vimejaa. Alisimama katikati ya chumba, jasho likimtiririka, mkono ukipapasa kiunoni palipokuwa na silaha zamani. Nikavuta viti viwili, nikaketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo. "Nyuma nalinda mimi," nikamwambia. Akakaa.

Kwa ridhaa yake nilikuwa nimeshamweleza daktari kwamba asifunge mlango kwa kishindo. Hakuufunga kabisa.

Alitoka baada ya saa nzima, macho mekundu. "Wiki ijayo tena," akasema. "Uje."

Nikaenda.