Injini kuukuu na maji yanayodondoka

Siku hizi jioni zangu zinaishia kwenye chumba cha injini, nikiwa na tochi na tambara. Injini yenyewe ni dizeli ya zamani, imefungwa ndani ya boti, na ina mizunguko miwili ya maji: mmoja umefungwa na unapita ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, mwingine unavuta maji ya bahari kwa pampu, unayapitisha kwenye kipoza joto, yanakopoza yale ya bloku, na kuyatoa nje pamoja na moshi wa ekzosi. Kila nikirudi nakuta maji kidogo kwenye ngama, sakafuni kabisa mwa boti. Boti haiwezi kuzama kwa maji yale, lakini ni ya chumvi, na chumvi ikikaa karibu na chuma inakila usiku na mchana.

Nimejizuia nisinunue kifaa chochote kabla ya kujua. Ni rahisi mno kuona maji chini ya pampu ukabadilisha pampu, kisha maji yakaendelea kama kawaida. Maji huteremka. Yanaweza kuanzia juu kabisa, kwenye kiwiko cha ekzosi, lile bomba lililopinda la kutolea moshi, yakafuata mpira wa maji, yakashuka ubavuni mwa bloku na kudondoka mbali na yalikoanzia. Boti ikilalia upande mwingine, nayo njia inahama. Ndiyo maana naanza kwa kuuliza yanatoka wakati gani. Mahali pa kutazama napata baadaye.

Nilikausha ngama kwa sponji, nikaifuta injini yote, nikatandaza karatasi kavu chini yake. Kwanza nikaiacha imezimwa, valvu ya kuingizia maji ya bahari ikiwa wazi. Sehemu inayovuja hapo iko chini ya usawa wa maji ya nje, na bahari yenyewe ndiyo inayosukuma: valvu, chujio, au mpira unaoelekea kwenye pampu. Upande huu ni mgumu kuusoma, kwa sababu injini ikiwaka pampu inavuta, na ufa mdogo uliokuwa ukitoa maji unaweza kuanza kufyonza hewa. Karatasi inabaki kavu huku injini ikipata joto kupita kiasi.

Kisha nikaiwasha ingali baridi. Maji yanayotokea injini ikizunguka tu hutafutwa kuanzia kwenye pampu yenyewe kwenda mbele, kule inakosukuma. Yakisubiri mpaka injini ipate moto, mara nyingi ni ya mzunguko uliofungwa, maana mfuniko wake una springi inayoshikilia presha, na presha hupanda pamoja na joto. Maji ya bahari yakikauka huacha unga mweupe wa chumvi. Maji ya kupozea huwa na rangi, huteleza kati ya vidole na hayakauki upesi. Asiyaonje mtu: yana ladha tamu, lakini ethilini glikoli iliyomo ndani yake ni sumu.

Na kuna maji yasiyo ya injini kabisa. Pale shafti ya rafadha inapopenya kwenye bodi ya boti, kama pamezibwa kwa kamba yenye grisi, matone machache shafti ikizunguka ni ya kawaida na yanahitajika, kwa kuwa ndiyo yanayoipoza ile kamba.

Ya kwangu yalitoka injini ikiwaka, baridi au moto, na kulikuwa na mstari wa chumvi chini ya kitundu kilicho kwenye shingo ya pampu. Kitundu hicho kimewekwa kwa makusudi. Shafti ya pampu ina sili mbili, moja ya kuzuia maji na nyingine ya kuzuia oili, na kati yake pana nafasi wazi. Sili ya maji ikichoka, maji hutokea kwenye kitundu badala ya kuingia kwenye oili. Nimewahi kuona injini ya mtu ambayo kitundu chake kilikuwa kimezibwa kwa gundi ili matone yakome, na iliniuma sana. Maji yakinyimwa mlango huo, njia iliyobaki ni sili ya oili, kisha beringi za krankshafti, shafti kuu ya injini.

Nilipoifungua pampu nilikuta mdomo wa sili umechimba mfereji kwenye shafti. Unahisiwa kwa ukucha hata kama macho hayauoni vizuri. Sili mpya ikikaa juu ya mfereji uleule haidumu, kwa hiyo nimeweka shafti mpya na sili mpya. Impela, gurudumu la mabawa linalosukuma maji ndani ya pampu, nayo ilikuwa imepoteza bawa moja la mpira. Hapa nasisitiza kwa kila mwenye injini kama hii: kuweka impela mpya hakutoshi, kipande kilichokatika lazima kipatikane. Kinasafiri na maji mpaka mahali pembamba, kisha kinakaa pale. Changu kilikuwa kimelala kwenye mdomo wa kipoza joto, kimeziba baadhi ya mirija. Nikiwa hapo nikatoa zinki ya kujitoa mhanga, ile inayoliwa na chumvi badala ya mirija. Ilibaki kijipande, nikaweka nyingine. Mabawa ya impela mpya nimeyapaka sabuni ya maji ili yasianze kuzunguka makavu.

Kinachoninyima usingizi sasa ni kiwiko cha ekzosi. Ndani yake moshi wa moto unakutana na maji ya chumvi, na chuma kinaliwa kuanzia ndani huku nje kikionekana kizima. Kikitoboka mahali pabaya, maji hurudi kwenye silinda injini ikiwa imezimwa. Maji hayashindiliki kama hewa, na mkono wa pistoni unaweza kupinda siku ya kuwasha. Hatari hiyohiyo ipo injini ikikataa kuwaka ukaendelea kupiga stata: pampu inaleta maji na hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Mimi hufunga valvu ya maji ya bahari wakati huo, na kuifungua mara tu injini inapowaka.

Kijiti cha oili kimetoka kisafi, hakuna rangi ya maziwa, ile ya oili iliyochanganyika na maji. Ingekuwapo, nisingeiwasha tena kabla ya kumwaga oili yote na kujua maji yamepita wapi. Karatasi iliyo chini ya pampu imebaki kavu injini ikiwa moto. Boti haiendi popote kwanza. Boliti za kiwiko nimeshazimwagia mafuta ya kulegeza kutu, na gasketi mpya iko tayari.