Karara thelathini: kuombea ruzuku kazi ya sanaa kuhusu utoto, ukiwa Bagamoyo

Likitoka tangazo la ruzuku kwa wasanii chipukizi, na mada ikawa utoto na ujana, maandiko mengi ya maombi kutoka huku pwani huanza kwa namna moja: "Nilizaliwa na kukulia katika mji wa kihistoria wa Bagamoyo..." Aya ya pili anaingia bibi na hadithi zake. Aya ya tatu, utamaduni unapotea. Msomaji wa jopo linalochagua washindi amefika nusu ya ukurasa na bado hajui siku ya maonyesho ataona nini. Picha? Ngoma? Sanamu? Andiko la aina hiyo linaanguka hata kama msanii ana mkono mzuri, kwa sababu kwenye fomu hakuna kazi. Kuna kumbukumbu tu, na kumbukumbu haina vipimo wala bei.

Shika kitu kimoja cha utotoni kinachoingia mkononi, kisha andiko lote litoke humo. Gari la waya lenye magurudumu ya kandambili. Mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Kokoto za mdako. Hapa nitatumia ngalawa ya karara, maana kila aliyekulia karibu na mnazi anaijua. Karara ni lile ganda linalofunika ua la mnazi kabla halijachanua. Likikauka linabaki na umbo la dau, limechongoka huku na huku. Watoto husimamisha kijiti katikati, wakafunga mirengu ya vijiti pembeni, wakatia tanga, wakalisukuma majini.

Tanga lenyewe ndilo lenye hoja. Kwa miaka mingi lilikuwa kipande cha rambo jeusi. Kisha tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ikapigwa marufuku Tanzania Bara, na mtoto anayetengeneza ngalawa leo anakata sandarusi ya kiroba au kitambaa chakavu. Kitu kilekile, matanga mawili, na katikati yake kuna tarehe. Jopo likiona hivyo linaelewa kwamba unazungumzia utoto wa wakati fulani na mahali fulani, bila wewe kuandika neno "kizazi" hata mara moja.

Sentensi ya kwanza ya andiko sasa inaweza kuwa hii: "Ngalawa 30 za karara, kila moja sentimita 50 hadi 80, zitaning'inizwa kwa mshipi wa kuvulia kwenye fremu ya mbao ya mita 3 kwa 2, 15 zina tanga jeusi kama la zamani, 15 zina tanga la sandarusi, chini yake spika moja inatoa sauti za watoto wakiimba nyimbo za michezo yao." Bibi anaweza kuja baadaye, aya moja, kama bado anahitajika.

(Kuhusu tanga jeusi: usiende kutafuta rambo za magendo ukaziweka kwenye bajeti. Kanuni zinakataza hata kuhifadhi na kutumia. Kitambaa cha mwavuli mweusi uliochakaa kinang'aa karibu sawasawa, na kinakatika vizuri kwa mkasi.)

Jopo linapenda kujua kama unakijua kitu chako, na hilo linaonekana pale unapoeleza kinachoweza kuharibika. Karara iliyokatwa mbichi ikaanikwa juani hupasuka au hujikunja mdomo ukafumba. Ianikwe kivulini, penye upepo, wiki mbili hadi tatu, na kijiti kimewekwa katikati kuuzuia mdomo usifumbe. Kusanya 40 ili upate 30, kwa sababu kadhaa zitapasuka tu. Waya wa kawaida hapa mjini haudumu: upepo wa bahari una chumvi, na ndani ya wiki chache utaona kutu imechora mistari ya kahawia kwenye karara. Tumia waya wa shaba, au mshipi wa nailoni wa wavuvi, ambao ni rahisi na hauonekani kwa mbali. Vanishi nayo ina adabu zake. Ukiipaka siku yenye unyevu mwingi, inatia ukungu mweupe juu na inabaki kunata. Kwa hiyo ratiba ifuate majira: usiweke kupaka vanishi Aprili katikati ya masika, wala usikaushe karara Novemba mvua za vuli zikiwa zimechanganya. Julai hadi Septemba ndio wakati wa kazi hii. Ukiandika sababu hiyo kwenye safu ya ratiba, mstari mmoja tu, umekwisha kujitenga na waombaji waliojaza "Mwezi wa 1: maandalizi".

Mahali pa kuonyesha. Wengi huandika Caravanserai, ile nyumba ya kale ya misafara, au moja ya majengo ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo kwa sababu linapendeza kwenye picha. Sawa, lakini majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa. Msumari mmoja unaangusha kipande cha ukubwa wa sahani. Ndiyo maana fremu kwenye mfano wetu inasimama yenyewe kwa miguu yake, na ndiyo maana bajeti ina fundi seremala. Omba kibali kwa maandishi mapema na uambatanishe nakala, hata kama ni barua ya kukiri tu kwamba ombi limepokelewa. TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyokuwa ikiitwa Chuo cha Sanaa, ina majukwaa, ina watu wanaojua taa na sauti, na ina tamasha lake la kila mwaka. Ukipanga onyesho lako liangukie siku hizo unapata watazamaji bila kuwatafuta, ila shindana mapema kupata nafasi, na usiandike "nitaonyesha kwenye tamasha" kama hujakubaliwa.

Sasa fedha. Tuseme ruzuku ni shilingi 3,000,000. Bei zifuatazo ni mfano wa kupanga, wewe zunguka dukani uandike za kwako. Vifaa, yaani mshipi, waya wa shaba, gundi, vanishi, vitambaa na sandarusi: 350,000. Karara zenyewe hazina bei, lakini mpanda minazi na usafiri wana bei: 80,000. Fremu na fundi: 250,000. Malipo ya msanii, siku 30 kwa 30,000: 900,000. Wasaidizi wawili, siku 10 kila mmoja kwa 15,000: 300,000. Kurekodi sauti siku mbili: 200,000. Ukumbi na umeme siku tano kwa 40,000: 200,000. Nauli, maji na chakula cha watoto na walezi wao: 150,000. Mpigapicha: 200,000. Kusafirisha: 120,000. Makato ya benki na kuchapa ripoti: 50,000. Dharura: 200,000. Jumlisha, inafika milioni tatu kamili. Jumlisha tena. Bajeti isiyojumlika ni sababu rahisi kuliko zote ya kuwekwa pembeni, na inatokea mara nyingi mno kwa mtu aliyebadilisha mstari mmoja usiku wa mwisho.

Mstari wa malipo ya msanii ndio unaofutwa na wasanii wenyewe, kwa aibu au kwa kudhani watapendwa zaidi. Naona ni kosa kubwa. Asiyejilipa anaonekana hajui kwamba siku 30 za kazi ni siku 30 za kula, na mfadhili anajua mtu huyo ataacha karara katikati akipata kibarua. Andika siku na kiwango. Usiandike "honoraria" (malipo ya shukrani) kwa jumla. Upande mwingine, usipandishe dharura. Hapa ni kama asilimia 7 ya gharama nyingine zote, na ikipita 10 wanauliza.

Kisha angalia fedha zinakuja vipi. Wafadhili wengi hulipa kwa awamu, kwa mfano asilimia 80 mwanzoni na 20 baada ya ripoti. Kwenye mfano wetu utapokea 2,400,000, na 600,000 zitakuja kazi ikiwa imekwisha. Jiulize kabla ya kusaini: zipi zinaweza kusubiri? Fundi hasubiri, mpigapicha hasubiri. Kinachoweza kusubiri ni sehemu ya malipo yako. Kwa hiyo kati ya 900,000 zako, utaishi na 300,000 hadi ripoti ipite. Kama huwezi, sema mapema na uombe mgawanyo mwingine. Wengi hukubali kabla ya mkataba, wachache hukubali baadaye.

Jina kwenye akaunti ya benki lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA na fomu. Jina la usanii liandikwe kwenye nafasi yake. Malipo kutoka nje yanaweza kurudishwa kwa tofauti ya herufi moja, na benki inakata gharama kwenda na kurudi. Akaunti iliyolala ifufuliwe kabla ya kuomba. Namba ya mlipakodi inatolewa bure na TRA, na mfadhili wa ndani anayekulipa kama mtoa huduma anaweza kukata kodi ya zuio, hivyo uliza kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya makato. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mpanda minazi hana mashine: mwandalie hati ya malipo yenye jina, simu, kazi aliyofanya, kiasi, tarehe na sahihi. Karatasi kumi za namna hiyo ziandae kabla ya siku ya kwanza, maana ukizitafuta baada ya miezi miwili mzee amehamia Kaole na simu haipatikani.

Kazi yenye sauti au sura za watoto ina mlango wake. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Ridhaa iwe ya maandishi, ya mzazi au mlezi, ikisema nini kitarekodiwa, kitaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na kwamba anaweza kujitoa. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi na isomwe kwa sauti mbele yake. Usirekodi saa za shule. Usiweke jina kamili la mtoto kwenye lebo. Nyimbo za rede na kombolela hazina mtunzi anayejulikana, kwa hiyo usiandike "utunzi wangu". Andika kwamba ni nyimbo za michezo, zimeimbwa na watoto wa mtaa fulani, na kilicho chako ni mpangilio wa sauti.

Mlango gani wa kugonga? Kwanza tenganisha ruzuku na mkopo, kwa sababu watu huchanganya. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa serikali nao hutoa mikopo kwa wasanii. Mkopo unafaa kitu kinachozalisha: spika za kukodisha, kamera, mashine ya kuchapa fulana. Ngalawa 30 za karara hazitarejesha mkopo, na ni vibaya kumdai msanii kumbukumbu zake. Kazi hii inataka ruzuku. Nje ya nchi, Prince Claus Fund ya Uholanzi imekuwa ikitoa tuzo za euro 5,000 kwa wasanii wanaoanza. Mfuko wa UNESCO wa uanuwai wa utamaduni hautoi kwa mtu mmoja mmoja, unatoa kwa asasi na taasisi, hivyo usipoteze wiki nzima kwenye fomu yake. Ukitaka kuona wenzako wanavyofanya, Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, pana studio na maonyesho ya mara kwa mara. Kokote utakakoomba, usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kata viwe tayari vimeskaniwa.

"Chipukizi" usome kama tangazo lilivyoandika. Kuna wanaohesabu umri, kuna wanaohesabu miaka tangu uonyeshe kazi mara ya kwanza. Mtu wa miaka 41 aliyeanza juzi anaweza kufaa kwa mmoja na kukataliwa na mwingine.

Picha za kazi: tano nzuri zinatosha. Piga asubuhi mapema au kivulini, kitambaa cheupe cha marekani nyuma, bila mwanga wa simu. Zitume kama faili, kwa sababu WhatsApp ikizituma kama picha inazibana hadi nyuzi za karara hazionekani. Kila faili iwe na jina la kazi, mwaka, ukubwa na nyenzo. Moja ioneshe mkono wako umeshika ngalawa, ili ukubwa ujulikane.

Fomu ikiwa ya Kiingereza, andika kwanza kwa Kiswahili, kata, kisha tafsiri. Neno "ngalawa" libaki, na maelezo ya maneno matano yanatosha. Angalia kama kikomo ni maneno au herufi. Andika nje ya mtandao na ubandike mwishoni, kwani ukurasa ukikaa wazi muda mrefu unajifunga na maandishi yanakwenda nao. Saa ya mwisho ibadilishe kwa uangalifu: saa 23:59 ya Ulaya ya kati ni saa 7:59 usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa 6:59 usiku wakati wa kiangazi chao. Ikiandikwa saa 12:00 GMT, hiyo ni saa 9 alasiri Bagamoyo, na wako waliojaza fomu nzuri kabisa wakaituma saa 12 jioni.