Nilivyochagua kati ya bima ya umma na bima binafsi Ujerumani

Mwishoni mwa mwaka 2023 mfuko wangu wa bima ya afya hapa Ujerumani uliniandikia kwamba, kwa kuwa mshahara wangu wa mwaka mzima ulikuwa umevuka kiwango cha mwaka huo cha euro 66,600 na ungevuka pia kile cha 2024 cha euro 69,300, sheria hainilazimishi tena kubaki katika bima ya umma. Mwajiriwa aliye chini ya kiwango hicho hana la kuchagua. Aliye juu anaweza kupeleka mchango wake kwa kampuni binafsi. Kisheria mchango huo si kodi, ingawa kwenye hati ya mshahara unauma vilevile.

Nilikuwa na sababu ya kutaka kuhama. Miezi michache nyuma nilimpigia simu daktari wa ngozi kwa ajili ya ukurutu wa mkononi, na kabla sijaeleza shida yangu dada wa mapokezi akauliza, "Bima ya umma au binafsi?" Nilipojibu ya umma, nikapewa miadi ya wiki tisa mbele. Mwenzangu wa ofisini, mwenye bima binafsi, alionwa na daktari huyo huyo ndani ya siku nne. Kwa kazi ile ile daktari hulipwa zaidi na bima binafsi, wala jambo hilo halifichwi.

Wakala wa bima alinionyesha bei iliyokuwa chini ya makato yangu, nami nikakaribia kutia sahihi. Aliyenizuia ni mke wangu: "Baba Asha, hiyo bei ni ya wangapi?" Ilikuwa ya mtu mmoja. Katika bima ya umma mchango hufuata mshahara, asilimia 14.6 tunayogawana nusu kwa nusu na mwajiri, pamoja na nyongeza ambayo kila mfuko hujipangia. Na kwa mwaka 2024 sehemu ya mshahara iliyozidi euro 5,175 kwa mwezi haikukatwa. Mke asiye na kipato na watoto huingia humo bila kulipiwa senti. Bima binafsi haiangalii mshahara bali umri, afya na huduma unazotaka, na kila kichwa hulipiwa chake. Tulijumlisha vichwa vinne nyuma ya bahasha ile ile ya mfuko, na unafuu wote ukayeyuka.

Kulikuwa pia na pumu yangu. Fomu huuliza magonjwa na matibabu ya miaka iliyopita, na anayeficha anaweza kuvunjiwa mkataba siku anapouhitaji. Mshauri wa kujitegemea alinielekeza niombe kwanza tathmini isiyotaja jina, kwa sababu maombi rasmi yakikataliwa, kampuni inayofuata huenda ikauliza habari hizo. Kampuni moja iliongeza bei. Nyingine ilikataa kabisa.

Lililonimaliza ni njia ya kurudi. Aliyehama harudi kwa kupenda. Mwajiriwa husubiri mpaka mshahara wake ushuke chini ya kiwango, na akishatimiza miaka 55 mlango huwa karibu umefungwa. Nina miaka 41 na watoto wadogo.

Nikabaki, nikanunua bima ndogo ya nyongeza kwa ajili ya meno na chumba cha hospitali. Kwa daktari wa ngozi bado nasubiri kama wengine, ila sasa hupiga simu saa mbili kamili asubuhi, kabla nafasi za walioahirisha hazijachukuliwa.